Taa Nane za Sebuleni

Matundu nane yalikuwa yameshatobolewa darini kabla hajatokea mtu wa kumweleza mama mwenye nyumba ni taa za namna gani zimenunuliwa. Alirudi kutoka sokoni akamkuta fundi yuko juu ya ngazi, vumbi jeupe la jipsamu limemkalia kichwani kama mvi, na chini yake mumewe amesimama, mikono kiunoni, anatazama juu kama mtu anayekagua injini ya lori.

"Mbona madogo hivyo?" mama akauliza.

Mumewe alijibu bila kushusha uso. Mama aliona kidevu kikipanda na kushuka, aliona koo likitembea, lakini mdomo hakuuona. Akasubiri. Mume alipomgeukia alikuwa ameshamaliza kusema, naye anangoja jibu.

"Sawa," mama akasema, akapitiliza jikoni na kapu lake.

Alichokuwa amesema mumewe ni hiki: kwamba taa ameshazinunua, ziko mezani kwenye boksi, na kwamba zile pana alizozitaka mkewe bei yake ingekula na pesa ya rangi.

Mtaani walimwita Dereva, ingawa usukani aliuacha tangu goti la kulia lilipogoma kukanyaga breki. Alikuwa mtu wa maneno, mcheshi, anayeweza kusimamisha watu dukani wakamsikiliza hadi wakasahau walichofuata. Kitindamimba wao, binti waliyemwita Kitinda, alikuwa ameposwa, na wazazi wa kijana walikuwa wanakuja kwa mara ya kwanza kukaa chini na kufahamiana. Ndiyo maana sebule ikatiwa dari. Mtoto wao mkubwa, aliyehamia mbali kikazi, alituma pesa za jipsamu na ufundi. Taa akamwachia baba yake, na Dereva alitaka angalau jambo hilo moja lionekane ni lake.

Dukani alipokelewa na mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliyejua bidhaa zake kama mtu anavyowajua watoto wake. Alimwonyesha aina mbili. Za kwanza zilikuwa ndogo, jicho lake limezama ndani kabisa ya kikombe kinachong'aa, zikiwashwa zinadondosha mwanga chini moja kwa moja. Za pili zilikuwa pana kama visahani, zimefunikwa kwa kioo cheupe kama maziwa, mwanga wake unaenea polepole hadi kwenye kuta.

"Mama watoto alitaka hizi," Dereva akasema, akigusa ile pana.

"Hizo ni nzuri. Ila tundu lake ni kubwa zaidi, na bei nayo imepanda."

Dereva akapiga hesabu kichwani, akaona rangi ya ukuta ikiyeyuka. "Na hizi ndogo, zinadumu?"

"Zinadumu. Cha kuangalia ni kile kiboksi cha waya kinachokaa juu ya dari. Kila taa ina dereva wake, mzee wangu. Ukiona taa imekufa, mara nyingi taa yenyewe haina ubaya. Dereva ndiye amechoka."

Dereva alicheka hadi akashika meza. Kwa mzaha huo tu angenunua duka zima. Akachukua ndogo nane, akabaki na chenji ya rangi, akatoka ameridhika.

Siku taa zilipowashwa, majirani walijaa mlangoni. Jioni ilikuwa imeingia. Fundi alibonyeza swichi na sebule yote ikang'aa chini: sakafu, meza, migongo ya mikono, vitambaa vya viti. Watu walisema sebule imekuwa kama ukumbi wa hoteli. Dereva alizunguka katikati yao akieleza wati na matumizi ya umeme kana kwamba alizaliwa katika biashara hiyo.

Mama alisimama karibu na mlango wa jikoni akamtazama mumewe. Paji la uso lilikuwa linawaka. Ncha ya pua ilikuwa inawaka. Chini ya nyusi palikuwa na mashimo mawili, na chini ya pua kivuli kimeshuka kufunika mdomo wote. Akamtazama jirani, akamtazama binti yake, akamtazama fundi. Wote vilevile. Watu waliokuwa wakiongea na kucheka ndani ya nyumba yake hawakuwa na midomo.

Hapo ndipo alipojua kwamba amefungiwa nje.

Masikio yake yalikuwa yamekwenda taratibu, yakifuata mashine za kufumia za kiwanda alichofanyia kazi tangu usichana. Mle ndani hakuna aliyemsikia mwenzake. Wafumaji wote walisomana midomo kuvuka mashine, wakapeana habari za ndoa, za ugonjwa na za msimamizi, msimamizi amesimama katikati yao asiambulie kitu. Alipostaafu aliutoka mngurumo ule akidhani atarudi kwenye ulimwengu wa sauti, akakuta haupo. Ndege waliruka na kutua bila kusema. Maji yalichemka kimya. Lakini midomo ilikuwepo, na yeye midomo aliijua. Watu wa nyumbani walisema mama ana masikio mazito kidogo, inabidi uongee ukimwangalia. Hakuna aliyejua kwamba hakuna kilichobaki.

Hakuwaambia kwa sababu alishaona. Mama mzazi wa Dereva alizeekea katika nyumba hiyohiyo akiwa kiziwi, na yeye mwenyewe, mkaza mwana, alikuwa mmoja wa waliozoea kuongea juu ya kichwa chake kana kwamba ni chungu kimewekwa pembeni. Aliapa hatakuwa chungu. Kwa hiyo alijifunza kukaa dirishani mchana, na usiku chini ya taa ya zamani ya sebuleni, ya mrija, iliyomwaga mwanga kila upande hata juu ya kabati. Alijifunza kutabiri maneno yanayokuja, kucheka pale wengine wanapochekea, na kuuliza yeye kabla hajaulizwa, maana anayeuliza anajua jibu linatokea upande gani.

Sasa mrija ule haukuwepo tena: fundi aliuomba, akapewa, akaondoka nao.

*

Alianza kukaa jikoni. Jikoni kulikuwa na balbu moja ukutani, juu ya beseni la vyombo, inayomulika mtu usoni. Alipika taratibu, akaosha taratibu, akakausha sahani zilizokwisha kukauka. Sebuleni mumewe na binti yake walikula wakiangalia runinga. Wakimwita haendi, kwa kuwa hajui kwamba ameitwa.

"Amenuna," Dereva akamwambia binti. "Ni taa hizi. Alitaka zake."

"Sasa ndiyo atutenge?"

"Mwache. Hasira zitamtoka tu."

Siku moja mama alijaribu. Alimfuata mumewe asubuhi, jua likiwa linaingia dirishani vizuri.

"Baba watoto, taa hizi zinaniumiza macho."

"Tutakuwa tunazima nne."

"Si hivyo. Hazifai kukaa na watu. Tubadilishe tu, tuweke zile pana."

Dereva alihisi kitu kikimchoma. Katika nyumba ambayo paa lilijengwa kwa mshahara wa mkewe na dari kwa pesa za mwanawe, alikuwa amechagua taa, akazilipia, na majirani wakamsifu.

"Mwezi huu? Wageni wanakuja Jumamosi. Rangi imeshapakwa. Unataka nimwite fundi atoboe upya, nimwambie mke wangu hakupendezwa?"

"Mwambie."

"Sebuleni kwangu nisiweze hata kuchagua balbu," akasema, akageuka kuchukua kofia yake. Aliendelea kusema huku amempa mgongo, maneno mengi, mabega yakipanda na kushuka. Mama aliyatazama mabega yale. Hakujua kama ni matusi au ni radhi.

*

Wageni walichelewa. Mama alikuwa amepanga wafike mchana, akaviweka viti vikitazamana na dirisha, akaweka hata meza ya chai upande wa mwanga. Walipoingia, mwanga wa dirishani ulikuwa umekwisha. Dereva alikuwa mlangoni kuwalaki, na mkono wake wa kushoto ukaenda kwenye swichi kwa fahari isiyofichika.

Mama wa kijana alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, aliyevaa gauni jeusi lisilo na urembo. Walikaa kwenye kiti kimoja kirefu, wazazi wawili wa kike, magoti yakikaribia kugusana. Chai ikamiminwa. Kwa muda mambo yalikwenda. Mama aliuliza habari za safari, akaitikia kwa kichwa. Aliuliza kijana ni mtoto wa ngapi, akaonyeshwa vidole. Alicheka Dereva alipoinua mikono kama anayeshika usukani, maana hadithi ile aliijua.

Kisha mama wa kijana akamgeukia, akamshika mkono, akamwambia jambo. Lilikuwa jambo refu. Mama alimkazia macho. Aliona nywele zimepakwa mafuta, aliona paji la uso likimeremeta, aliona mashavu yakipanda kidogo kama ya mtu anayetabasamu. Mdomo ulikuwa ndani ya kivuli, unacheza kama samaki ndani ya maji machafu. Mkono ule ulifungua kiganja, ukaelekea mlangoni, ukarudi. Mama akaunganisha: wamechelewa, wanaomba radhi, wamefurahi kupokelewa.

"Tunashukuru sana, mkwe wangu," akasema kwa uchangamfu, akiutikisa ule mkono. "Na sisi tumefurahi mno. Mungu azidi kuwatendea hivyohivyo."

Sebule ilisimama. Hilo aliliona. Kikombe cha baba wa kijana kilibaki hewani. Kijana alitazama sakafu. Dereva alikuwa amefungua mikono kama anayetaka kukamata kitu kilichoanguka. Mama akadhani labda hakuonyesha furaha ya kutosha, akaongeza tabasamu.

Mwenzake akauondoa mkono wake taratibu, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

Hawakukaa. Chai ilibaki nusu. Walipoagana mlangoni, mama wa kijana aliinamisha kichwa tu.

Kitinda alifunga mlango, akarudi hadi katikati ya sebule, chini ya taa, akamsimamia mama yake. Mama aliona mikono ikirushwa, aliona mshipa wa shingo, lakini mdomo hakuuona.

"Sema tena," akasema.

"Nimesema umefanya kusudi? Unatukomoa sisi kwa ajili ya taa?"

"Sema tena, mwanangu. Njoo huku."

Binti akamgeukia baba yake. "Umemwona? Hata kunijibu hataki." Akaingia chumbani. Mlango mama aliusikia kwa nyayo, mtikisiko mmoja uliopita sakafuni.

Dereva alikuwa ameketi, goti baya limenyooshwa mbele. Mama akaenda akamshika mkono wa shati, akamvuta kama mtoto hadi jikoni, akamsimamisha mbele ya ile balbu.

"Mkwe alisema nini?"

"Unaniuliza mimi? Si alikuwa anaongea na wewe, amekushika mkono?"

"Niambie."

"Alisema wangekuja mapema, ila walikuwa msibani. Dada yake wa pekee amefariki. Wamemzika juzi." Dereva akapangusa uso. "Nawe ukamwambia Mungu azidi."

Mama akakaa kwenye kigoda. Akaiweka mikono juu ya kichwa, akabaki hivyo.

"Kama una kinyongo na mimi ungenipiga mimi," Dereva akaendelea. "Yule mwanamke amekukosea nini?"

Hilo hakuliona, maana alikuwa ameinama. Alipoinua uso akasema, "Sikumwona mdomo."

"Mdomo wa nini?"

"Mimi sisikii, baba watoto."

"Najua. Masikio yako mazito, sote tunajua."

"Siyo mazito. Hayapo. Nasoma midomo. Zile taa zako zinamulika utosi. Tangu siku ile sijui mnasema nini humu ndani."

Dereva akageuka, akaelekeza uso kwenye ukuta, akamwita kwa jina la utani alilokuwa akimwita walipokuwa wachumba, jina ambalo hata watoto hawakulijua. Alilisema kwa sauti ya kawaida. Kisha akalisema kwa sauti kubwa, hadi kifuniko cha sufuria kikalia. Akageuka. Mkewe alikuwa amekaa vilevile, anamtazama kisogo, anangoja.

"Umesema kitu?" akauliza.

Dereva akavuta ndoo ya maji, akaigeuza, akakaa juu yake ili nyuso zao zilingane.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijastaafu. Kidogokidogo. Kisha yote."

"Na usiku?"

"Usiku gani?"

"Usiku. Kitandani. Taa ikishazimwa."

"Usiku tunalala," mama akasema.

Mumewe akaisogeza ndoo karibu. Akatazama mikono yake. Alipoongea aliongea polepole, na mama alilisoma kila neno.

"Mimi huwa naongea."

"Usiku?"

"Takriban kila siku. Tangu nilipoacha kazi. Mchana siwezi, mchana watu wanataka nichekeshe. Ukishazima taa ndiyo naongea. Nakuambia mambo."

"Mambo gani?"

"Mambo yangu."

Mama alimtazama mwanamume huyu aliyelala kando yake miaka yote, aliyemgeuzia mgongo taa ikizimwa, akadhani amekuwa hana neno naye.

"Mimi nilijua umeishiwa maneno na mimi," akasema. "Mchana unaongea na mtaa mzima, usiku kimya. Nikasema, basi, uzee ndiyo huu."

"Nami nilidhani unasikiliza. Ukinyamaza nasema, huyu mwanamke ana subira, hata hanikatizi."

Wakakaa, mmoja kwenye kigoda, mmoja kwenye ndoo, na jikoni hapakuwa na lingine la kufanya, vyombo vyote vilikuwa safi.

*

Kesho yake mama alikwenda kwa wakwe na Kitinda. Njia nzima binti alimshika mkono kwa nguvu, akilia na kujifuta. Alikuwa ameambiwa na baba yake. Mama wa kijana aliwapokea uani, mwanga wa kutosha, mdomo wake wote unaonekana, mdomo mwema, wenye pengo dogo mbele. Mama alieleza mwenyewe. Alisema pole. Alisema hakusikia, na kwamba ni kiziwi. Neno hilo alikuwa hajawahi kulitamka juu yake mwenyewe, na lilimtoka kama jiwe kutoka kinywani.

Mwenzake alimkumbatia. Akalia kidogo, akamsamehe. Kisha akamwachia, akarudi nyuma hatua, akaanza kuongea naye upya: neno mojamoja, mdomo ukitanuliwa kama wa mtu anayelisha mtoto uji, mikono ikichora hewani. Mdomo unapotanuliwa hivyo hausomeki. Mama hakuambulia hata nusu.

"Ongea tu kawaida, mkwe wangu," akasema.

Mama wa kijana akatikisa kichwa kwa huruma, akamgeukia Kitinda. "Mwulize mama atakunywa chai au maji."

"Mama atakunywa chai," Kitinda akajibu.

Mama aliyaona yote mawili, swali na jibu, yakipita mbele ya macho yake.

*

Dereva aliuza jeki lake la lori, lililokuwa limelala uvunguni mwa kitanda tangu alipoacha kazi. Fundi wa magari aliyelinunua alilikagua kila upande, akalishusha bei kwa sababu ya kutu, na Dereva hakubishana, jambo ambalo si kawaida yake. Safari hii walikwenda dukani wawili.

Yule mwanamke wa miwani alimtambua. "Dereva amekufa?" akauliza.

"Dereva mzima. Dukani kwako ndiko nilikokosea njia," akasema. "Nataka taa inayomwonyesha mtu mdomo."

Muuzaji hakuelewa, akaelezwa. Hakusema maskini. Alivaa miwani yake, akamtazama mama usoni, akasema kwa mwendo wa kawaida: "Basi twende huku nyuma, nimefunga za kujaribia. Mzee asimame chini, wewe ukae hapa."

Alizima taa za duka upande huo. Dereva akasimama chini ya taa ya kwanza, akasema kitu.

"Sijui," mama akasema.

Ya pili ilikuwa pana lakini haikufunikwa kwa kioo, ilimwumiza macho. Ya tatu ilikuwa na mwanga wa manjano, laini, uso wa mumewe ukapendeza ndani yake kama picha ya zamani, lakini midomo na ngozi vikawa rangi moja.

"Umesema nini hapo? Nimeona tu 'goti'."

"Nimesema goti linauma, tuharakishe."

Ya nne ilikuwa ile ya kisahani, kioo cheupe, mwanga mweupe usio mkali. Muuzaji alieleza kwamba mwanga wake unagonga kuta na kurudi, ndiyo maana haumwachi mtu na kivuli, na kwamba hii haihitaji wati nyingi, isipokuwa tu kuta zisiwe za rangi ya giza. Dereva akaingia chini yake. Akamtazama mkewe. Midomo ikatembea bila sauti, kwa kuwa alikuwa ameshaona kwamba sauti haina kazi.

"Umesema bei inauma kuliko goti," mama akasema.

Muuzaji alicheka. Mama naye alicheka, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alicheka kwa sababu alikuwa amekiona cha kuchekesha.

Nane hazikuwezekana. Muuzaji mwenyewe aliwaambia nne zinatosha kwa chumba kama hicho, kila moja kwenye pembe yake. Fundi atapanua matundu manne, maana tundu dogo hupanuliwa, na yale mengine atayakata waya, taa zibaki palepale kama pambo. Zile za kwanza hakuweza kuzirudisha, zimeshafungwa. Dereva akalipa. Akakunja noti zilizobaki, akazikunjua tena.

"Na moja ya chumbani," akasema.

"Chumbani mna dari?"

"Hatuna."

"Basi chukua hii ya kubandika. Ni ndugu yake, ila haizami."

Akaichukua. Njiani aliibeba yeye, mfuko mwingine akamwachia mkewe.

*

Harusi ilifungwa. Sebule ilijaa mara kadhaa, na chini ya zile taa nne mama aliweza kumwona kila mtu. Aliona zaidi ya alivyotaka. Aliona wageni wakimuuliza Kitinda, mama amekula? mama amechoka? Aliona shangazi mmoja upande wa pili wa chumba akimwambia mwenzake, "Maskini, na alikuwa mwanamke mchangamfu." Aliona watu wakianza sentensi wakimtazama yeye na kuimaliza wakimtazama mumewe. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Walimkalisha kiti kizuri, wakamletea kila kitu pale alipo, wakamshika bega walipopita. Alijibu aliyoulizwa, yakawa machache, na akajikuta akirudi jikoni kwenye vyombo vyake ijapokuwa sasa hakuna kilichomfukuza sebuleni.

Kisha Kitinda akaenda kwake, na nyumba ikabaki ya watu wawili.

Jioni ya kwanza ya utulivu walikwenda kulala mapema. Taa ya chumbani ilikuwa imebandikwa kwenye boriti juu ya kitanda. Mama alijilaza ubavu, akamgeukia mumewe, naye akamgeukia mkewe, jambo lililowapa haya kidogo.

"Haya," mama akasema. "Niambie."

Dereva akafikiri. "Fundi hajarudi kuchukua ngazi yake."

"Hilo nimeliona. Niambie yale ya usiku."

Alifungua mdomo. Mama aliona ulimi ukijiandaa, aliona midomo ikikutana kuanza neno, kisha ikaachana. Akatazama ukuta. Akatazama mikono yake. Maneno aliyokuwa akiyamwaga gizani bila kuhesabu sasa yalisimama mlangoni, yakaona mtu, yakarudi ndani.

"Mwanga ni mkali," akasema.

"Nizime?"

Swali hilo alilipima. Taa ikizimwa angeweza kusema yote, hadi alfajiri, na yasimfikie mtu.

"Hapana," akasema. "Iache."

Mama akasubiri. Alikuwa karibu kuyageuza macho yake asimtie aibu zaidi, ndipo mumewe alipofanya kitu ambacho hakukitegemea: alifumba macho. Akayafumba kabisa, uso ukalegea kama wa mtu aliyelala, mwanga ukimkaa juu ya kope, juu ya mashavu, juu ya mdomo wote. Kisha mdomo ukaanza kutembea.

Mama akasogeza mto wake karibu, asipitwe. Alikuwa ameanzia mbali, siku aliyorudisha funguo za lori.